Kitambaa cha Tarehe Nne

10 Novemba 1974

Daftari hili nimepewa na Akelo, mke wa mjukuu wangu Mihayo. Yeye ndiye pia mwalimu wangu wa kisomo cha watu wazima, kwa sababu amemaliza darasa la saba huko kwao Mara na kijiji kikamwona anafaa. Amesema kila siku niandike jambo lililotokea, hata mstari mmoja, na Jumamosi nimpe asahihishe. Haya, naandika. Mimi ni Nyanzala, watu wananiita Mama Chenge. Nimepokea watoto mia moja na nne kwa mikono hii na sikuhitaji daftari. Leo Akelo yuko kwenye siku zake. Hilo nalo limetokea.

12 Novemba

Mvua hakuna.

14 Novemba

Akelo amemaliza. Siku nne, kama mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Hesabu za siku za wake wa mji wetu, ukoo mzima, nilikabidhiwa na mama mkwe wangu, tulikuwa tunafunga mafundo kwenye kamba. Sasa kamba ni daftari.

16 Novemba

Akelo amesahihisha. Alipofika hapo kwenye siku nne akaacha kalamu. "Bibi, na hili la kuandika?" Nikamwambia mke mwenza hana siri kwa mwenzake, mume wetu ni mmoja. Akacheka, lakini alilaza daftari kifudifudi.

19 Novemba

Tangu watuhamishe hapa chini ya Usagara sijapata usingizi wa maana. Nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Kule kwetu jirani alikuwa mbali, ukigombana na mtu unagombana kwa raha zako. Hapa nikikohoa upande huu, upande wa pili wananiambia pole. Mwenyekiti anasema ndiyo maendeleo. Maendeleo gani ya kusikia jirani akigeuka kitandani.

23 Novemba

Mihayo amekuja. Anaendesha lori la serikali, wanahamisha watu huko Tabora na kubeba miti ya nyumba zao. Amekonda na ananuka dizeli. Nikamwambia mume wangu, mbona umerudi umechakaa hivi, wake zako wawili tutagawana nini? Akasema ana siku mbili tu.

25 Novemba

Kaondoka alfajiri. Amesema mpaka mwezi wa nne. Mchana mvua imenyesha ya kwanza.

27 Novemba

Kupanda pamba. Bwana Shamba anataka tupande kwa kamba, mstari. Hata pamba imehamishiwa kijijini.

30 Novemba

Kisomo kimefungwa mpaka palizi iishe. Daftari nakaa nalo mwenyewe. Akelo amesema nisiache kuandika, na mimi si mtu wa kuacha.

4 Desemba

Nimekuta kitambaa cha Akelo kwenye kamba nyuma ya jiko. Kimoja. Madoa machache rangi ya kutu, hayakutoka vizuri. Kwa hiyo hakuna kitu. Shemeji yangu Shimba alikuwa ameniuliza juzi kama Mihayo ameacha chochote, nimemjibu: bado, mke yuko kwenye siku zake.

5 Desemba

Kamba tupu.

6 Desemba

Wamegawa unga wa msaada, ule wanaouita Yanga. Ugali wake wa njano kama manjano na unanuka meli. Tumekula.

25 Desemba

Padre amechelewa, njia ni tope. Pamba imeota vizuri kuliko watu wa kijiji hiki.

11 Januari 1975

Palizi. Mgongo.

18 Januari

Akelo anatema mate kila hatua. Dagaa hataki, moshi hataki. Nimewaona mia moja na nne, siwezi kudanganywa na mate.

19 Januari

Nimerudia hesabu mara tatu. Mihayo ameondoka tarehe ishirini na tano Novemba. Damu nimeiona mwenyewe tarehe nne Desemba. Baada ya hapo hakuna mwanamume aliyelala nyumba hii. Hesabu haitoki.

20 Januari

Sikulala. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu.

2 Februari

Nimekaa na jambo hili wiki mbili, limenichoma kama uji wa moto mdomoni. Leo Akelo ameniambia mwenyewe, kwa furaha, kwamba anadhani ana mimba. Akanishika mkono. Nikautoa. Nikamwuliza ya nani.

Hakuelewa. Nikamwuliza tena, polepole, kama anavyotufanyia sisi wazee kwenye kisomo.

9 Februari

Leo tumekaa nyumbani kwangu. Shimba ndiye mkubwa wa mji tangu mume wangu afe, na hapendi mambo marefu. Alikuwapo na mkewe, na wazee wawili wa ukoo. Akelo amekaa chini, mgongo wima, kama mwenye nyumba.

Shimba akaniuliza niliona nini. Nikasema. Akaniuliza tarehe. Nikasema. Neno langu katika mambo haya halijawahi kurudishwa, tangu nikiwa na meno yote.

Akelo akaambiwa aseme. Alisema hajatoka nje ya ndoa, na ile damu ilikuwa kidogo tu, hata yeye alishangaa, akadhani siku zake zimekuja vibaya kwa sababu ya kazi ya shamba.

"Damu ni damu," Shimba akasema. "Haina kidogo wala nyingi. Mihayo akirudi atakurudisha kwenu. Mtoto hatutamjua."

Maneno hayohayo. Niliyasikia miaka thelathini iliyopita kutoka kinywa hichohicho. Sikutaka kukumbuka, nikaangalia mkeka.

Akelo akasimama. Hakulia. Alikunja nguo zake kwenye kanga na kwenda zahanati kwa yule nesi, Bernadetta, Mhaya, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya serikali. Kijiji kizima kilikuwa mlangoni kinatazama. Faida ya nyumba za mstari.

11 Februari

Palizi peke yangu.

14 Februari

Wenzangu wa kisomo wananiuliza mwalimu wetu yuko wapi. Nimewajibu wamwulize nesi.

22 Februari

Jumamosi. Hakuna wa kusahihisha. Nimeandika makosa mangapi sijui.

1 Machi

Mvua kubwa, ziwa limekuwa jekundu mpaka mbali. Mke wa Shimba amekuja kunipongeza kwa kusimamia ukweli. Nimemfukuza. Sijui kwa nini nimemfukuza.

8 Machi

Leo nimekwenda zahanati kumwambia nesi yale yaliyokaa moyoni.

Mimi na Bernadetta tuna ugomvi wa zamani. Alipofika kijijini aliniita mbele za watu, akaniambia kama nataka kuendelea kupokea watoto basi ninawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, kwanza. Binti aliyezaliwa juzi. Nikamwambia mikono hii ilimpokea mama yako. Si kweli, mama yake ni wa Bukoba, lakini nilisema.

Nilimkuta anapima watoto. Nikaanza palepale. Nikamwuliza serikali imemleta kutibu malaria au kufuga wake za watu. Nikamwambia anaficha uchafu nyumbani mwa serikali, na kwamba mimi nimeona damu kwa macho yangu. Akina mama wakanyamaza na watoto wao. Yeye akamaliza kupima mtoto, akaandika kwenye kadi, akamrudisha kwa mama yake. Ndipo akaniambia, shikamoo Bibi, nisubiri ndani.

Sikuitikia. Lakini nilisubiri.

Aliniuliza watoto niliopokea ni wangapi. Nikamwambia. Akaniuliza, katika hao, nimewaona wangapi wakiingia.

Nikamwambia asinifanyie mizaha, mimi ni sawa na bibi yake. Akasema si mzaha. Akatoa daftari lake la chuo, limechakaa, ndani amechora kwa penseli. Akaniwekea kwenye magoti.

Alisema mimba haianzi palepale tumboni. Mwanamke ana yai, dogo kuliko chembe ya mchanga. Yai na mbegu ya mume hukutana juu, kwenye mrija mwembamba, si kwenye kizazi. Hapo linakuwa moja, halafu linagawanyika, mawili, manne, manane, linasafiri huku linagawanyika, mpaka linafanana na tunda la forosadi, punje punje zilizoshikana. Siku nyingi linatembea tu. Halijashika popote. Mwanamke hajui, mume hajui, hata mwili wenyewe haujaambiwa.

Nikamwuliza linakula nini njiani. Akasema amefurahi nimeuliza, linakula kile kidogo lilichobeba. Nikamwambia asifurahi.

Siku ya tano au ya sita, akasema, linaingia kwenye kizazi. Linavua ganda lake. Halafu linatafuta mahali, kwa sababu ukuta wa kizazi siku hizo umekuwa mnene na laini, umejaa damu. Siku ya sita, ya saba, mpaka ya kumi hivi, linajichimbia humo. Linaingia ndani, ukuta unafunga juu yake. Hapo ndipo mimba imeshika.

Nikamwambia, "Unanieleza funza."

"Funza?"

"Funza wa mguuni. Anaingia mdogo humwoni, anajichimbia, ngozi inafunga, anaanza kukua. Mtoto wa Mihayo umemfanya funza."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akasema ni sawa kabisa, chuoni hawakumpa mfano mzuri kama huo. Akaniuliza: funza akiingia, hujawahi kuona tone la damu?

Nikageuza ukurasa wa daftari lake.

Akasema wanawake wengi hawaoni chochote. Wengine wanaona madoa machache, siku moja, mbili, rangi ya kahawia, karibu na siku walizozoea kwenda mwezini. Wanadhani ndizo. Akasema yeye hawezi kuapa ni nini kilichotokea kwa Akelo, hakuwapo. Lakini damu kidogo baada ya mume kuondoka si ushahidi wa kitu, na aliyesema ni ushahidi hajui anachosema.

Nilimtupia daftari lake mezani na kuondoka. Akelo alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Hakuniamkia, na sikumlaumu mpaka nilipofika nyumbani.

9 Machi

Uongo.

10 Machi

Nimefungua daftari langu. Sikutaka.

Novemba kumi mpaka kumi na nne, siku nne, nimeandika mwenyewe. Mihayo ishirini na tatu mpaka ishirini na tano. Desemba nne: kitambaa kimoja, madoa machache, rangi ya kutu. Desemba tano: kamba tupu. Nimeandika hata utupu wa kamba. Siku nne zake ziko wapi? Kutoka Mihayo kuondoka mpaka kitambaa, siku tisa.

Nilikuwa nayo yote hapa. Niliiandika halafu sikuisoma. Kuandika nimefundishwa, kusoma nilijidai najua.

Nimekasirika leo kuliko siku zote. Nimekasirika na nesi kwa kuwa kijana, na Akelo kwa kutopiga kelele, na mama mkwe wangu aliye kaburini na kamba yake. Kamba ina fundo tu. Fundo halisemi kidogo wala nyingi.

11 Machi

Ng'washi.

Nimeandika jina sasa, halifutiki. Ng'washi alikuwa mke wa kwanza wa Shimba. Shimba alikwenda kufanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu Geita, akaacha mke wa miezi miwili. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Niliona kitambaa wiki moja baada ya mume kuondoka, nikafunga fundo. Mimba ilipoonekana nikaitwa, nikasema. Ng'washi alisema kama alivyosema Akelo, ilikuwa kidogo. Shimba akasema damu ni damu. Akarudishwa kwao Buswelu na ng'ombe wakadaiwa warudi.

Alizaa mvulana. Miaka mitano iliyopita nilimwona mnadani, mtu mzima anauza mbuzi. Anatembea akitupa mguu wa kushoto nje, kama Shimba, kama baba yake Shimba, kama marehemu mume wangu. Niliangalia pembeni. Nikajiambia watu wengi wanatembea hivyo.

Hawatembei hivyo. Ni ukoo huu tu.

16 Machi

Nimekwenda kanisani, sikupokea komunyo.

29 Machi

Mahindi ya Shimba yameliwa na nguruwe. Amekuja kunilalamikia. Nimemwangalia mdomo unavyokwenda, nikashindwa kumwambia.

12 Aprili

Mihayo amerudi. Shimba alimpokea barabarani ili amweleze kabla yangu. Mihayo akaingia ndani bila kuvua viatu, akaniuliza neno moja: ni kweli? Akasema kama ni mtu mwingine amesema, angekwenda kwa mkewe kwanza. Lakini umesema wewe.

Nikamwambia akae, ale. Kesho.

13 Aprili

Wale wale, mkeka ule ule. Bernadetta alikuja na Akelo, akakaa mlangoni bila kukaribishwa. Tumbo limeonekana sasa.

Shimba alianza. Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mkubwa wa mji, na kwa umri wangu niliona ni wakati.

Nikatoa daftari. Nikasoma kwa sauti, kwa kidole, pale nilipokwama nikakwama na watu wakangoja. Novemba kumi. Novemba kumi na nne. Mihayo kuja, Mihayo kuondoka. Kitambaa. Kamba tupu. Kisha nikawaeleza habari ya funza kama nilivyoelezwa, mjukuu wangu akiwa amekodoa macho, na mzee mmoja akakuna kisigino. Nikasema niliona madoa ya mtoto akiingia, nikasema hayupo. Nikasema mimi najua mtoto anavyotoka. Anavyoingia sikujua, na nikatoa hukumu. Neno langu nalirudisha.

Nilijua kinachokuja, nilikuwa nakingoja tangu mwezi wa tatu.

"Shemeji," akasema, "na la Ng'washi?"

"Na lile."

"Unasema nini?"

"Nasema nilifunga fundo kwa kitu nisichokijua, na wewe hukumwuliza mkeo hata swali moja. Nenda Buswelu ukaangalie yule kijana anavyotembea."

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na kama angenipiga nisingelia. Aliniambia nimemla mtoto wake miaka thelathini. Nikamwambia ndiyo, tumemla sote wawili. Akatoka.

Mihayo alipiga magoti mbele ya Akelo, palepale, mbele za watu. Akelo akamwambia anyanyuke, anachafua suruali. Kisha akarudi zahanati na nesi. Mimi hakunitazama.

14 Aprili

Mihayo haongei na mimi. Anaongea na lori.

20 Aprili

Shimba amepanda baiskeli kuelekea Buswelu. Hakuaga.

2 Mei

Akelo amerudi, kwa Mihayo, si kwangu. Ameweka mafiga yake upande wa pili wa uwanja. Ananiamkia, shikamoo Bibi, kama anavyomwamkia katibu wa kata. Mke mwenza haniiti tena. Mihayo amepata uhamisho, anabeba pamba hapa hapa wilayani.

19 Mei

Kuchuma pamba kumeanza. Anachuma mistari yake, mimi yangu. Nilimwambia mwenye tumbo asiinue gunia. Aliinua.

8 Juni

Nimemkaripia Mihayo kwa kumwacha mkewe achote maji. Akasema Bibi, mwache. Sasa hata kukaripia nimenyang'anywa.

28 Juni

Jumamosi. Kisomo kimefunguliwa tena, tutafanya mtihani wa taifa mwezi wa nane. Akelo anafundisha amekaa. Wenzangu walipeleka madaftari. Mimi nilibaki na langu kifuani mpaka wote wakatoka, ndipo nikaliweka mezani kwake. Nikamwambia lote, tangu Novemba. Aliliweka kwenye kikapu chake.

Haya naandika kwenye karatasi ya mfuko wa sukari.

15 Julai

Bado analo.

3 Agosti

Tunang'oa miti ya pamba, tunachoma. Moshi kijiji kizima. Shimba amekuja motoni na mtu mzima anayetupa mguu wa kushoto. Yule mtu akaniamkia. Nikaitikia marahaba mara tatu, sikujua zimetoka lini. Nikamwuliza mama yake hajambo. Akasema alifariki mwaka juzi.

4 Agosti

Nimelala mchana kutwa. Si ugonjwa.

18 Agosti

Uchungu ulimshika Akelo alfajiri. Nilifunga kanga, nikachukua vitu vyangu, nikatoka uwanjani. Mihayo akanizuia kwa mkono. Akasema anakwenda zahanati, ameshasema, na anataka nesi.

Mia moja na nne. Nilikaa nje ya zahanati kwenye benchi, pamoja na Mihayo, kama mwanamume. Kila sauti niliyoisikia niliijua ni ya hatua gani. Nilimwambia Mihayo sasa bado, sasa karibu, sasa anasukuma. Alinishika mkono bila kujua amenishika. Mtoto alilia jua likiwa kichwani.

Nimehesabu hapo hapo benchini kutoka siku mbili za Novemba. Miezi tisa, haikosi hata wiki. Shimba hawezi kusema kitu, na hajasema.

Bernadetta akatoka, akamwambia Mihayo ni msichana, wote wazima. Akanipa mimi daftari langu. Akasema ametumwa.

Nimelipitia palepale. Akelo amesahihisha kila ukurasa, kwa wino mwekundu, makosa yangu mengi, hata yale ya kumtukana. Hakuacha kitu wala hakuongeza kitu, ila mahali pamoja. Chini ya tarehe nne Desemba ameandika: *Hukuniuliza.*

Ni kweli. Niliona kitambaa, nikamwuliza kitambaa. Yeye alikuwa hatua nne kutoka pale, anapepeta dengu.

Nimekaa na neno hilo mpaka Mihayo akaingia na kutoka, na akina mama wakaingia na kutoka. Miaka yote sijawahi kusimama nje ya mlango wa mzazi. Naingia, nawafukuza waliomo, nashika kazi. Leo nimebisha. Nikasubiri. Nikauliza, "Niingie?"

Ndani nikamsikia mtoto anakoroma kidogo kama paka.

"Nawa mikono kwanza," Akelo akasema.

Nimenawa. Kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko.